Kuupogoa mtofaa wa uani uliopita paa

Mtajie mtu wa Unguja au Pemba neno tofaa, halimjii akilini lile tunda la duara lipandalo meli kutoka Afrika Kusini na kuuzwa mojamoja na kibandiko chake. Hilo linataka baridi. Hata Bara hulimwa milimani, kama Lushoto, si huku pwani. Tofaa letu ni jekundu, umbo la pera, ngozi nyembamba isiyohitaji kumenywa, nyama nyeupe yenye maji mengi na harufu ya mawaridi, na kokwa ya kahawia katikati. Wengine husema tufaa, wengine tufaha. Mti ni huohuo, na ukiachwa hufika mita 15 na kuendelea.

Nao huachwa. Hupandwa kando ya kisima au nyuma ya jiko, miaka ya mwanzo unamwagiliwa na kusifiwa, kisha ukishatoa kivuli kila mtu anausahau. Watoto wanacheza chini yake, kina mama wanapeta mchele chini yake, bibi anatandika mkeka chini yake, na hakuna anayeinua macho. Siku ya kushtuka ni ile tofaa la kileleni linapodondoka usiku juu ya bati, kishindo utadhani mwizi. Asubuhi ukilitafuta unakuta rojo, maana tofaa halistahimili kuanguka hata mita 2, seuze 10. Mti umejaa, na mwenyewe hali. Hapo ndipo watu huenda kumwita mtu mwenye shoka.

Usimwite bado.

Kwanza ujue unazaa wapi

Mwembe huzaa nchani, kwenye vitawi vya nje vinavyoota jua. Mtofaa hufanya kinyume. Maua yake hutoka kwenye gome: kwenye shina lenyewe, kwenye matawi makubwa, na kwenye vijiti vya ndani vilivyokomaa ambavyo havina jani hata moja. Ndiyo maana wakati wa maua ukiutazama kwa mbali unauona kijani kitupu, lakini ukiingia uani unakanyaga busati la waridi lililokoza, nyuzi za maua zilizopukutika usiku kucha.

Basi ile kanuni ya mwembe, ya kusafisha ndani na kuacha nje, ukiileta kwenye mtofaa umeuhasi. Mimi nimeuhasi mmoja. Ulikuwa wa marehemu babu, Wete, na nilikuwa nimetoka kuipunguza miembe ya jirani nikajiona fundi. Nilipanda na mkasi nikaondoa kila kijiti cha ndani, vile vifupi vyenye vifundovifundo, nikashuka najisifu kwamba sasa mtu anaiona mbingu. Jioni akaja ami yangu, akauzunguka mara moja, mikono nyuma.

"Mwanangu, umeuosha vizuri," akasema. "Sasa utazaa kwa wapi?"

Msimu uliofuata busati halikutandikwa. Tuliokota matofaa yasiyojaza kikapu, na yote yalitoka kwenye tawi moja ambalo siku ile sikulifikia.

Wataalamu wa mimea huuweka mtofaa katika jenasi moja na mkarafuu na mzambarau, Syzygium, na kwa Wapemba undugu huo huleta kosa jingine: mtu aliyezoea mikarafuu huutazama mtofaa kwa jicho la karafuu. Karafuu hukaa nchani kwa vishada, ndipo mchumaji huivuta nje. Tofaa limekaa mwilini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina msumeno. Subiri mti utoe maua, chukua kopo la chokaa na burashi, na kila tawi kubwa lililovaa maua mengi lipige alama. Kama maua yameshapita, tafuta vile vifundo kwenye gome kwa kidole. Ni makovu ya misimu ya nyuma, na mtofaa hupenda kurudia palepale. Matawi yenye alama ndiyo mali. Yasiyo na alama, hasa yale marefu yaliyokimbilia jua yakawa na majani nchani tu, ndiyo utakayotoa sadaka.

Wakati wake

Kutoka maua kufunguka mpaka tunda kuiva ni kama miezi miwili. Pogoa baada ya mavuno, kabla vitumba vipya havijachomoza kwenye gome. Miti haina kalenda moja. Wa kwako na wa jirani wanaweza kupishana, basi angalia gome, usiangalie jirani anafanya nini.

Baada ya hapo angalia mbingu. Machi hadi Mei, wakati wa masika, acha. Gome linateleza, kidonda kinashinda kimelowa na ukungu unaingia. Mimi napenda kipupwe, Juni hadi Agosti: mvua kubwa zimekwisha, jua si kali, na gome lililokuwa kivulini miaka kumi halibabuki mara moja. Ubaya wa kipupwe ni kusi. Panda asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, na siku ukisikia minazi inavuma tangu alfajiri, ahirisha. Kama mti wako una vitumba wakati huo, nafasi ya pili ni kiangazi, Januari na Februari, lakini hapo chokaa nitakayoieleza huko mbele huna budi kuipaka.

Zana

Msumeno wa matawi, ule mwembamba uliopinda wenye meno makali. Mkasi wa kupogolea kwa vitawi vya unene wa kidole. Kamba mbili madhubuti, moja ya kujifunga wewe na moja ya kushushia matawi. Ngazi. Spiriti na kitambaa cha kufutia meno ya msumeno kabla ya kuanza, na tena kila ukitoka kwenye tawi lenye kuoza. Panga liache jikoni. Najua tumekua nalo na kila nyumba linalo, lakini panga halikati tawi, linalipasua, na mpasuko huo ndio mlango wa mchwa na maji.

Watu wawe wawili, mmoja juu na mmoja chini. Wa chini kazi yake ni kushika kamba, kufukuza watoto na kusema "hapo basi", kwa sababu aliye juu ya mti haoni umbo la mti. Ngazi ifungwe kwenye shina juu na chini, isiegemee tawi utakalolikata. Hili linachekesha mpaka likukute.

Kama tawi limeugusa waya wa umeme au liko karibu nao, usilishike kabisa. Wapigie ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, waje wao. Mti mbichi una maji na unapitisha umeme.

Na kuna maji moto, wale chungu wekundu wanaouma. Mtofaa una majani mapana, na wadudu hawa huyapenda kwa kushonea viota. Ukipanda bila kutazama utashuka bila kutumia ngazi. Hata hivyo usiwamalize kwa dawa. Miaka ya 1950 mtafiti wa wadudu M. J. Way alifanya kazi hapahapa Zanzibar akaonyesha kwamba maji moto huilinda minazi dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa, na kwenye miti ya matunda pia huwasumbua nzi wanaotaga mayai ndani ya tunda. Hesabu viota, upange matawi yenye viota yawe ya mwisho, na ukiweza bakisha kiota kimoja au viwili. Ukilazimika kupita karibu nao, jipake majivu mikononi na miguuni, husaidia kiasi.

Siku ya kwanza: vilivyokufa na vinavyogombana

Anza na rahisi. Kwaruza gome kwa ukucha: likiwa kijani ndani, tawi liko hai, likiwa kahawia na kavu, limekufa, likate. Hapa uwe makini, maana kijiti kisicho na majani kwenye mtofaa si lazima kiwe mfu. Ukucha kwanza, msumeno baadaye.

Kisha matawi yaliyovunjika, yenye kuoza, na yale mawili yaliyosuguana mpaka yakatoboana. Katika mawili hayo bakisha lenye alama ya chokaa. Kisha yanayokwaruza bati au kujaza majani kwenye mfereji wa paa unaopeleka maji tangini. Tawi lililovuka ukuta kwa jirani, piga hodi kwanza. Huenda yeye ndiye anayekula matofaa kuliko wewe, na kulikata kimyakimya ni kutafuta maneno.

Kwa mti ulioachwa miaka mingi, kazi hii peke yake inakwisha adhuhuri na utashangaa mwanga ulioingia. Ukichoka ishia hapo, urudi kesho.

Tawi kubwa hukatwa mara tatu

Hapa ndipo miti mingi inapoumizwa, basi nitakwenda pole.

Tawi zito ukilikata kutoka juu kwa mkato mmoja, kabla msumeno haujafika nusu litaanguka kwa uzito wake na kuchuna gome la shina mpaka chini, kama ngozi ya muhogo. Kidonda hicho hakifungi miaka.

Mkato wa kwanza uanze chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka shinani, msumeno ukielekea juu. Ingia theluthi moja ya unene, kisha toa. Mkato wa pili uwe juu, sentimita chache mbele ya ule wa kwanza kuelekea nchani, ukate mpaka tawi lianguke. Litavunjika kwenye ule mkato wa chini na gome la shina litasalimika. Kabla ya hapo lifunge kamba, ipitishe juu ya panda ya tawi jingine lililo imara, na mwenzako alishushe taratibu. Chini kuna jiko, kuna karo, kuna ndoo za watu.

Sasa kimebaki kisiki cha sentimita 30. Tazama pale kinapoungana na shina: utaona uvimbe, mkunjo wa gome kama kola ya kanzu. Mkato wa tatu upite nje kidogo ya mkunjo huo. Usikate ndani yake ukalisawazisha na shina, kwa sababu mkunjo ndio wenye kufunga kidonda. Wala usibakishe kisiki kirefu cha kuning'inizia ndoo. Kitaoza na uozo utaingia shinani.

Kushusha urefu bila kuukata kichwa

Kuukata kichwa ni kuchagua urefu, tuseme usawa wa paa, na kupitisha msumeno hapo kila kitu. Hufanywa sana, kwa sababu ni haraka na bei yake nafuu. Kuna fundi mmoja aliyeufanyia hivyo mtofaa wa nyumba ya tatu kutoka kwetu: mwaka ule ule yalichomoza machipukizi ya wima kama fimbo za mwalimu wa chuo cha Kurani, kumi na tano kwenye kisiki kimoja, yote yakikimbilia juu. Baada ya miaka mitatu mti ulikuwa mrefu kama mwanzo, matawi dhaifu zaidi, na kivuli kizito kuliko zamani.

Namna iliyo salama ni kushusha kwa kukabidhi. Lifuate lile shina la kati linaloongoza juu, ushuke nalo mpaka ukute tawi la pembeni lenye unene usiopungua theluthi moja ya hilo shina na linaloelekea nje. Kata hapo, juu kidogo ya panda, mkato uwe na mteremko maji yasituame. Tawi hilo la pembeni sasa ndilo kichwa. Litavuta maji na kuzuia machipukizi yasifurike. Fanya hivyo kwa viongozi wengine walioshindana nalo.

Usitoe zaidi ya robo ya majani yote kwa mwaka. Robo ni kidogo kuliko macho yanavyotaka, na huyo mtu wa chini ndiye wa kukuzuia. Mti wa mita 12 hauwi wa mita 5 kwa siku moja. Upe miaka mitatu. Mita 4 hadi 5 ndiyo shabaha yangu, kipimo chake ni mtu aliyesimama chini na upembo wake afikie tunda la juu.

Katikati mwa mti acha vijiti vyenye vifundo. Nimeshasema, na nitasema tena kwa sababu mkono wenye mkasi husahau.

Vidonda na jua

Watu watakuletea oili chafu ya gari, lami, udongo na kinyesi cha ng'ombe wakipake penye mkato. Washukuru. Alex Shigo, aliyekuwa mtaalamu wa miti katika Huduma ya Misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo kuona kinachotokea ndani ya majeraha yake. Alichoona ni kwamba mti hauponi kama ngozi ya binadamu: hujenga ukuta wa ndani kulizunguka eneo lililoumia, kisha huotesha mbao mpya nje yake, na rangi za kupaka juu hazizuii kuoza. Mkato safi ulioachwa wazi ukauke kwa upepo unatosha.

Kinachohitaji kupakwa ni gome lenye uzima ambalo jana lilikuwa kivulini na leo liko juani. Gome la mtofaa likipigwa na jua la saa nane ghafla hubabuka na kupasuka, na gome hilo ndilo kitanda cha maua. Chukua chokaa, ichanganye na maji iwe nyepesi kama uji wa mgonjwa, upake upande wa magharibi na wa juu wa matawi makubwa yaliyofunuliwa. Vile vifundo vya maua virukwe. Mvua za vuli zitaiosha, na kufikia hapo majani mapya yameshatanda.

Chini ya mti

Majani na vitawi vyembamba usivichome. Vikatekate uvitandaze chini kama boji, unene wa kiganja, kuanzia shibiri mbili kutoka shinani mpaka pale kivuli kinapoishia. Vikigusa shina huleta unyevu na mchwa. Ongeza samadi iliyooza, karai tatu au nne kwa mti mkubwa. Mtofaa ni mti wa maji, na kama nyumba yako iko upande wa mawe, Makunduchi au Micheweni, ambako udongo ni kidogo na maji hupita kama kwenye chujio, mwagilia ndoo kadhaa kila wiki mpaka machipukizi yatulie. Penye udongo mzito wa mabonde ya Pemba hutahitaji.

Magogo makavu ni kuni nzuri. Kwa mbao yana tabia ya kujipinda, basi usimpe fundi seremala matumaini.

Miezi inayofuata, na mwaka wa pili

Baada ya wiki sita hadi nane machipukizi yatatoka karibu na kila mkato. Yakifika urefu wa shibiri yang'oe kwa mkono, yakiwa bado laini. Yakivutwa hutoka na jicho lake, yakikatwa kwa mkasi hurudi mawili. Usiyamalize. Kwenye kila mkato mkubwa bakisha moja au mawili yanayolala kwenda nje, hayo ndiyo matawi ya miaka ijayo.

Mwaka wa pili rudia kushusha, robo nyingine. Mwaka wa tatu kazi inakuwa ya mkasi zaidi kuliko msumeno. Mavuno ya mwaka wa kwanza yanaweza kupungua. Ukiona maua kwenye yale matawi uliyoyapiga alama, hukukosea.

Popo watakuja, mti mfupi au mrefu. Ukiwa Pemba vumilia kidogo: popo wakubwa wa kisiwa hiki hawapatikani kwingine kokote duniani, na huko Kidike watu hulipa kiingilio kwenda kuwatazama wakining'inia. Sasa mti umekuwa mfupi unaweza kuvisha tawi moja au mawili mifuko ya kitambaa chepesi juu ya vishada, jambo lisilowezekana mita 12 angani. Mifuko hiyohiyo huwazuia na nzi wa matunda, mradi uivishe tunda likiwa bado kijani.

Kuchuma ni kwa mkono, tunda pamoja na kikonyo chake, asubuhi likiwa bado na ubaridi wa usiku. Lipange kwenye pakacha lililotandikwa majani, safu mbili tu, ya tatu inaiponda ya chini. Halikai zaidi ya siku chache, basi la kupeleka kwa jirani lipeleke siku hiyohiyo, na la nyumbani likate vipande, chumvi na pilipili ya unga, kabla ya watoto kurudi skuli.